Fundi Hayupo

Tangu tumzike Fundi, watu wanaokuja dukani kwangu wana swali moja. Kwanza wanazunguka. Wanashika kitambaa hiki na kile, wanauliza kama rangi inachuja, halafu wanainamia meza na kushusha sauti: "Mama Zuhura, wewe ulikaa naye baraza moja miaka yote ile. Uliwahi kumwona?"

Sikuwahi, na namshukuru Mungu. Nilimwona akiwa amevaa, tena mara nyingi kuliko mtu yeyote wa Karatu, na hilo ndilo ninaloweza kulisimulia kwa macho yangu. Hayo mengine aliniambia mwenyewe. Aliniambia mengi kwa sababu nilikuwa nabishana naye, na yeye alipenda kubishana na mtu asiyechoka haraka.

Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka langu la vitambaa, upande unaopata kivuli mchana. Mteja alikuwa ananunua kwangu, anageuka, anapimwa kwake. Habari za alikozaliwa na ukoo wake watasimulia wenye ukoo. Mimi nilimkuta tayari mtu mzima, mrefu, mkavu, chaki nyuma ya sikio, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni hata mwezi wa pili, joto likiwa kali. Hakuwahi kukunja mikono ya shati. Mafundi wengine wa mtaa ule walishona na fulana. Yeye alishona kama mtu aliyeitwa kwenye harusi.

Kwa nguo za wengine alikuwa mkali vilevile. Kitambaa chepesi hakikutoka mikononi mwake bila bitana, uwe umeomba au hukuomba. Nakumbuka binti mmoja wa mapokezi katika hoteli ya watalii alikuja na kitambaa kizuri sana, anataka sketi yenye mpasuo. Fundi akauliza mpasuo ufike wapi. Binti akaonyesha.

"Hapo si mpasuo tena, hizo ni nguo mbili," Fundi akasema. "Mimi nitaishia hapa chini. Ukitaka kuendelea, utachana mwenyewe nyumbani kwenu."

Binti alinuna, na kesho yake akarudi kuchukua. Nguo zake zilikaa mwilini, hilo hata adui zake walikubali.

Sasa mtu huyohuyo, siku moja kila wiki, isiyo ya mnada wala ya ibada, alifunika cherehani kwa turubai, akapanda baiskeli, akaenda shambani kwake Qurus. Shamba lenyewe halikuwa kubwa: mahindi, mbaazi, na nyuma yake korongo kavu lililozungushiwa ua wa minyaa. Alirudi jioni. Na mimi, ambaye kazi yangu ni kutazama nguo, nikaanza kuona kitu. Mnajua vumbi letu. Ukikatiza uwanja tu, pindo la gauni limekuwa jekundu. Fundi alilima kutwa na kurudi na shati jeupe kama lilivyotoka kwenye pasi.

"Fundi," nikamuuliza siku moja, "wewe unalima namna gani, shati halina hata alama ya udongo?"

"Kwa sababu shati halikulima," akasema. "Nililima mimi."

Nilicheka nikidhani ni mzaha. Nilikuwa nimeshaanza kupima kitambaa cha mteja mwingine ndipo maneno yale yakanifikia, nikasimama na mita mkononi. Nilipogeuka kumtazama alikuwa anatia uzi kwenye sindano, hana habari.

Basi ndiyo ikawa hivyo. Akifika shambani alisimamisha baiskeli, akavua, akakunja kila kimoja kwa mikunjo ya dukani, akaweka juu ya jiwe na kofia juu yake. Akalima kidogo, halafu akashuka korongoni akakaa juani. Hakuimba, hakuomba, hakufanya lolote la kusimulia. Alikaa. Mawingu yetu ya mwezi wa saba, yale yanayoshuka kutoka Ngorongoro mpaka huoni ng'ombe aliye mbele yako, hayakumzuia. Alirudi meno yanagongana, namwekea chai, namwambia leo hukupata hata jua.

"Jua lilikuwepo," anasema. "Lilikuwa limevaa tu."

Mimi ni mtu wa kujisitiri, nimelelewa hivyo na nitazikwa hivyo, na sikumficha. Nilimwambia kwetu sisi hata ukiwa peke yako unajifunika, kwa sababu malaika wapo.

"Malaika walikuwepo na siku niliyozaliwa, Mama Zuhura."

Sikucheka mbele yake. Nilikwenda kucheka jikoni. Lakini sikumkubalia, na mpaka leo simkubalii, na yeye hakuniomba nimkubalie. Alichotaka ni kwamba nisiseme neno ambalo si lenyewe. Nikisema "ule uchafu wako wa Qurus," anasimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja, jambo alilolifanya pale tu alipotaka asikilizwe.

"Uchafu ni kitu kingine," anasema. "Mimi sijaenda barabarani. Barabarani ni kosa, na sheria iko sawa, watoto wanapita. Sijamwita mtu aje anione. Nina shamba langu, nina ua wangu, na niko peke yangu. Hilo lina jina lake, na jina lake si uchafu."

Siku moja nilimuuliza sababu. Nilimuuliza kwa upole, maana niliona anaulizwa kwa kejeli tu.

"Wewe ukiona mtu, unaona mtu," alisema. "Mimi naona mishono. Nikienda kanisani, naona bega la joho la padri limeshuka upande mmoja. Nikienda msibani, watu wanalia, mimi natazama pindo. Nikikaa peke yangu natazama mkono wangu, naona kishikizo nilichokosea mwaka juzi. Nikiwa na nguo niko kazini. Kule hakuna kilichoshonwa. Napumzika."

"Si uvue ndani kwako, ufunge mlango?"

"Ndani kuna mapazia," akasema. "Nimeyashona mimi."

Nikarudi kwenye vitambaa vyangu.

Mtu wa kwanza kumkuta hakuleta shida. Mzee mmoja wa Kimaasai kutoka Malambo, aliyekuwa akileta mashuka kwa Fundi kupigwa pindo, alipita kule akitafuta ndama aliyempotea siku ya mnada. Akachungulia juu ya korongo, akamwona.

"Sopai," akasalimu.

"Ipa," Fundi akaitika, amekaa vilevile.

Mzee akauliza kama ameona ndama mwenye baka jeupe. Fundi akasema hajaona, ajaribu upande wa kisimani. Mzee akashukuru akaenda. Wiki iliyofuata alileta shuka lake barazani, wakazungumza habari za malisho, na hakuna aliyetaja korongo. Fundi alipenda sana kukisimulia kisa hicho. Alisema hajawahi kusalimiwa vizuri kama siku ile.

Aliyeleta shida hakuleta kwa ubaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa katibu wa kwaya, mama mmoja mcha Mungu na mteja wangu wa kudumu. Kilichomponza ni alama. Pale barazani kwangu Fundi alikuwa na desturi ya kutundika kipande cha kitambaa chekundu kwenye msumari wa nguzo. Ukikiona, ujue fundi yupo, karibu upimwe. Karatu nzima ilikijua kitambaa kile. Sasa kule Qurus alitaka alama ya kuwazuia watu, na kwa sababu alichokuwa nacho siku zote ni vipande, akafunga kipande chekundu kwenye minyaa. Yeye alimaanisha: usiingie. Mtu mwenye akili sana wakati mwingine anafanya jambo la kijinga kabisa.

Katibu wa kwaya alikuwa anafuatilia majoho ya Pasaka. Akapita kwenye njia ya Qurus, akaona kitambaa chekundu, akafurahi. Fundi yupo. Akaingia akibisha hodi.

Kwetu mtu aliye uchi shambani ana jina tayari, halitafutwi. Ni mwanga, mchawi wa usiku. Na jina hilo si la mchezo. Mtu anaweza kuchomewa nyumba kwa sababu yake. Katibu alikimbia mpaka barabarani, akasimamisha bodaboda, na kabla Fundi hajafika mjini na baiskeli yake, habari ilikuwa imefika kwangu mara tatu, kila mara ina tunguli zaidi. Binti wa Fundi, Paskalina, alikuja dukani analia. Alikuwa ameolewa karibuni, ana wakwe wa kuwatazama usoni.

"Mama Zuhura, mwambie baba aseme alikuwa anaoga," akaniomba. "Mtu akioga si anavua? Aseme hivyo tu, yaishe."

Nilikubaliana naye. Nilimwambia Fundi jioni ileile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, akafunika cherehani yake.

Mkutano wa kijiji ulijaa. Nilikwenda na kukaa nyuma na wanawake. Mwenyekiti alikuwa mtu wa busara na hakutaka damu mikononi mwake, hilo lilionekana tangu alipoanza kusema. Lakini watu walikuwa wamewaka. Mmoja alisema ni uchawi. Mwingine, dereva wa watalii, akasema si uchawi, ni mambo ya wazungu, yeye anawaona kila siku hotelini wamejianika kando ya bwawa. Kijana mmoja akapunga simu yake juu.

"Mzee, siku nyingine tunakurekodi," akasema. "Utatrendi mpaka Dar."

Watu wakacheka, na mimi nikaogopa kicheko kile kuliko neno uchawi. Siku hizi mtu akionwa mara moja anaonwa na nchi nzima.

Mwenyekiti akanyamazisha watu. Akamgeukia Fundi, akamwuliza taratibu, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango wa nyuma.

"Fundi, siku ile ulikuwa unaoga. Siyo?"

Nilimwona Paskalina amefumbata mikono. Ukumbi wote ulikuwa unangoja lile neno moja ili kila mtu arudi kwake.

"Hapana, mwenyekiti," Fundi akasema. "Nilikuwa naota."

"Ndiyo, unaoga."

"Naota. Naota jua. Kuoga kunataka maji, na kule korongoni hakuna maji."

Watu wakaguna. Mwenyekiti akafuta jasho. "Fundi, hiyo ni herufi moja tu. Tusipoteze muda wa watu kwa herufi moja."

"Hiyo herufi ndiyo mliyoniitia," akasema. Alikuwa amesimama wima, kola imefungwa. "Nikisema leo naoga, mtanisamehe. Halafu wiki ijayo nikikutwa tena nitasema nini? Nimeoga tena? Mtasema mzee huyu ana taka gani zisizotoka. Mimi sisemi uongo nikiwa nimevaa ili nipate nafasi ya kuvua."

Kuhusu uwanga alijibu kwa kifupi. Alisema wanga wanakwenda usiku ili wasionekane, yeye huenda jua likiwa utosini, na mwenye shaka aje aketi ng'ambo ya ua alinde mahindi ya jirani yasirogwe. Kuhusu wazungu alisema wale wanajipaka mafuta ili jua lisiwaguse, sasa wanaota nini? Hata dereva wa watalii akacheka. Halafu Fundi akamgeukia katibu wa kwaya, akamwomba radhi mbele ya watu wote, kwa dhati. "Mama, wewe hukukosea. Ulisoma kitambaa changu vizuri. Mimi ndiye niliyekiandika vibaya."

Akaambiwa aahidi kuacha. Akakataa. Alisema ataongeza ua, atapanda minyaa safu ya pili, ataweka alama inayosomeka, na akionekana tena kwa uzembe wake wampeleke polisi na atakwenda kwa miguu yake. Lakini kuacha hatasema, kwa sababu hataacha. Mwenyekiti alishauriana na wajumbe kwa muda mrefu, na mwisho wakapitisha hivyohivyo, ua na alama, kwa sauti ya watu waliochoka.

Alishinda, na alilipa. Majoho ya kwaya yalikwenda kwa fundi mwingine na hayakurudi kamwe. Shule iliyokuwa ikishonesha sare kwake ilisema ingoje kwanza maneno yapoe, na maneno ya Karatu hayapoi upesi. Ndugu wa marehemu mume wangu walinijia, wakanikalisha, wakaniambia nimwondoe barazani, duka la Waislamu haliwezi kubeba aibu ile. Niliwaambia baraza ni yangu, na yule mtu akiwa barazani kwangu amevaa kuliko wao. Walikasirika. Sijutii. Nilikuwa nimekasirika kuliko wao, tena nilikuwa nimemkasirikia Fundi mwenyewe, aliyeshindwa kubadilisha herufi moja kwa ajili ya binti yake. Nilimwambia hivyo.

"Paskalina nitamwomba msamaha maisha yangu yote," akasema. "Lakini kwa lililotokea. Si kwa uongo ambao sikuusema."

Alipanda safu ya pili ya minyaa. Akapanda na ya tatu, ingawa mkutano haukumwambia. Alama nayo akaiandika kwa rangi kwenye bati, na habari zake zikanifikia mjini, nikashangaa. Bati lilisomeka: FUNDI HAYUPO.

Nikaona nimempata. Nilimngoja afike, sikumpa hata muda wa kufunua cherehani.

"Wewe uliyesimama mbele ya watu ukasema husemi uongo. Uko ndani ya korongo, na umeandika hupo."

Akaketi. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mama Zuhura, fundi hayupo. Fundi yuko juu ya jiwe, amekunjwa, na kofia juu yake. Aliyepo ni mimi."

Aliendelea hivyo miaka. Sare za shule zilirudi, kidogo kidogo. Kijana wa simu alikuja kushonewa suti ya harusi, na Fundi akamshonea vizuri, akamtia na bitana ambayo hakuiomba. Hakuna aliyemwona tena. Na kila wiki nilimwona akirudi na shati jeupe, uso umetulia, nami nilimwekea chai na kumpa maneno yangu mawili matatu kuhusu malaika, maana nisingesema angefikiri naumwa.

Halafu kiharusi kikampiga upande wa kulia. Paskalina akamchukua kwake, nyumba ya tofali yenye uzio wa ukuta na geti, pembeni mwa mji. Mara ya kwanza nilipokwenda kumwona nilimkuta sebuleni kwenye kiti, mapazia yamefungwa. Amevalishwa shati, sweta, koti, soksi mbili mbili, na juu blanketi, kama anayesafirishwa usiku kwenye baridi ya Mbulu. Paskalina alikuwa anamtunza kwa mapenzi, sina la kumlaumu. Nguo zilikuwa safi, mpya, za dukani.

Nilikaa naye. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, nusu nusu, na ilibidi nisogeze sikio.

"Kwapa," akasema.

"Linauma?"

Akatikisa kichwa. Kidole cha mkono mzima kikanionyesha sweta, kwapani, pale lilipounganishwa vibaya, uzi umevuta. Halafu kikapanda kwenye kola ya shati, kikaonyesha mshono uliopinda. Kikashuka kwenye pindo la blanketi. Nikaelewa. Mtu huyu alikuwa anakaa kazini kutwa, kila siku, bila siku ya kupumzika, na hakuwa na mkono wa kurekebisha hata uzi mmoja.

Nilimfuata Paskalina jikoni. Nikamwambia amtoe uani kwenye jua, amvue.

"Mama Zuhura, jamani," akasema. "Majirani watasemaje?"

"Ukuta huo mrefu. Si unamwogesha kila siku?"

"Namwogesha. Lakini kuoga ni kuoga."

"Basi leo ni kuota," nikasema. "Wewe ni mwanaye, utamshika. Mimi nitakaa getini, na hakuna mtu atakayeingia."

Alinitazama. Nadhani alikuwa ananitazama mtandio wangu, na mikono yangu iliyofunikwa mpaka vidoleni, anajiuliza nimepatwa na nini. Halafu akafuta mikono yake akaenda sebuleni.

Nilitoka nje ya geti, nikalivuta nyuma yangu, nikageuza ndoo ya Paskalina na kuikalia, mgongo ukiwa kwenye bati la geti. Nilisikia kiti kikiburutwa juu ya saruji. Nilisikia Paskalina akisema polepole, "Mkono huu, baba. Sasa huu." Halafu pumzi moja ndefu ya mzee, kama ya mtu aliyetua mzigo.

Nilikuwa bado nimekaa hapo alipokuja katibu wa kwaya. Alikuwa amebeba mfuko wa machungwa, amekuja kumwona mgonjwa, na alikuwa hajafika mbele ya mtu huyu tangu siku za mkutano. Alinisalimia vizuri.

"Fundi yupo?" akauliza.

"Fundi hayupo."

Akatazama geti lililofungwa. Akanitazama mimi, nimekaa juu ya ndoo juani kama mlinzi wa benki. Nilimwona anaelewa, na nilimwona anatafuta njia ya kunisaidia, kama walivyotafuta wote siku ile.

"Anaoga?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Hapana," nikasema. "Anaota jua."

Akasimama pale na machungwa yake. Mwishowe akauweka mfuko chini, akajitengenezea nafasi kando ya ndoo yangu kwenye ukingo wa msingi, akaketi, mgongo wake nao ukalielekea geti.

"Basi nitasubiri," akasema.